Tuacheni na Nywila Zetu

Kama mfumo wa kazini kwenu unawalazimisha kubadili nywila kila baada ya siku 90, tazama watu wanafanya nini siku hiyo ikifika. Aliyekuwa na Jumatatu#7 anaweka Jumatatu#8. Mwingine anaitoa alama ya mshangao mwishoni na kuipeleka mwanzoni. Wa tatu anaandika nywila mpya kwenye kikaratasi na kukibandika chini ya kibodi. Watu hawa si wazembe hata kidogo. Wana kazi za kufanya, na hakuna binadamu anayeweza kukariri kila mara mchanganyiko mpya wa herufi, tarakimu na alama kwa kila akaunti aliyonayo.

Wadukuzi wanalijua hilo vizuri. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, walichunguza nywila za akaunti zilizokuwa zimeshafungwa. Wakagundua kwamba katika asilimia 17 ya akaunti walizozipima, anayeijua nywila ya zamani angeweza kuibahatisha mpya kwa majaribio yasiyofika matano. Usumbufu wote ule, na mlango uko wazi vilevile!

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mjadala huu ulishakwisha. Masharti haya yalienea kutokana na mwongozo wa mwaka 2003 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani. Aliyeuandika, Bill Burr, alikiri hadharani mwaka 2017 kwamba anajutia mengi ya aliyoshauri. Mwaka huohuo NIST ikageuza msimamo: mtu asilazimishwe kubadili nywila mpaka pawepo dalili kwamba imevuja, masharti ya kuchanganya herufi yaachwe, na nywila mpya ilinganishwe na orodha ya zile zilizokwisha kuvuja. Mwaka 2019 Microsoft nayo ililiondoa sharti la kubadili nywila katika mapendekezo yake ya usalama wa Windows. Bado ofisi nyingi zimeshikilia siku 90 kana kwamba ni amri ya mbinguni.

Halafu kuna tovuti zinazokataza kunakili nywila kutoka kwingine na kuibandika kwenye kisanduku cha kuingilia. Mtu anatumia programu ya kutunza nywila, imemtengenezea moja ndefu isiyobahatishika, kisha kisanduku kinamkatalia: andika kwa mkono. Au kinamwambia isizidi herufi 12. Hapo anayefuata ushauri bora wa usalama ndiye anayeadhibiwa, na aliyeweka nywila fupi anapita bila shida. Sijawahi kusikia hoja ya maana ya kutetea jambo hili.

Najua wataalamu wa TEHAMA watasema wakaguzi wa usalama ndio wanaodai siku 90. Basi visomeni kwa makini viwango wanavyovitumia wakaguzi hao. PCI DSS, kiwango cha usalama wa malipo ya kadi, katika toleo lake la 4 kinataja siku 90 pale ambapo nywila ndiyo uthibitisho pekee wa mtumiaji, na hata hapo kinaruhusu njia nyingine ya kupima usalama wa akaunti papo hapo. Wekeni uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na uthibitisho wa pili kama msimbo wa kwenye simu, ruhusuni nywila ndefu, zuieni majaribio ya mfululizo ya kubahatisha nywila, kisha futeni ile tarehe ya mwisho. Mkaguzi akiuliza, mwonesheni kifungu hicho.