Nakshi Haivui Samaki

Ukitazama picha ambazo watengenezaji wa fito za kuvulia huonyeshana, utaona kwamba karibu zote zimepigwa mahali pamoja, sentimita chache juu ya mpini, pale ambapo nyuzi za rangi mbalimbali zimefumwa zikatoa umbo la almasi, magamba ya samaki au jina la mmiliki. Ni nadra kuona picha ya ufito uliopindwa kwa mzigo ili mtazamaji aone jinsi mshipi unavyoufuata mpindo wake. Kwangu mimi hilo ni tatizo. Ufito uliotengenezwa kwa mkono kwa ajili ya mtu mmoja unaushinda wa kiwandani kwa jambo moja tu, nalo ni kwamba kila uamuzi uliomo ndani yake umeweza kufanywa kwa kumfikiria atakayeushika na samaki atakaowafuata. Nakshi haimo katika maamuzi hayo. Huja baadaye, ikija, na mara nyingine huyaharibu.

Ieleweke kwanza kwamba wengi wetu hatutengenezi bomba lenyewe. Ufito mtupu, yaani bomba lisilo na pete za kupitishia mshipi wala mpini, hununuliwa kutoka kiwandani, ambako kitambaa cha nyuzi za kaboni kilicholoweshwa resini hukatwa kwa kipimo, kikaviringishwa kwenye nondo ya chuma inayopungua unene kuelekea upande mmoja, kikabanwa kwa utepe na kuokwa katika tanuri, kisha nondo ikachomolewa. Wanaoweza kudai kwamba wameutengeneza ufito wote tangu mwanzo ni wale wa mianzi, ambao huupasua mwanzi wa Tonkin, unaoota katika jimbo la Guangdong kusini mwa China, wakaranda vipande sita vyenye pembe tatu kwa usahihi wa sehemu ndogo sana za milimita, kisha wakavigandisha pamoja kuwa ufito wa pembe sita. Hiram Leonard wa Maine, Marekani, aliigeuza kazi hiyo kuwa biashara katika nusu ya pili ya karne ya 19, na hadi leo wapo wanaoifanya kwa randa ya mkono. Nawaheshimu mno, ila niyasemayo hapa hayawahusu sana.

Faibaglasi ilichukua nafasi ya mwanzi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kisha ikaja kaboni: nyuzi zake zenye nguvu ziliendelezwa Farnborough, Uingereza, katika miaka ya 1960, na mwaka 1973 kampuni ya Fenwick ya Marekani ikatoa fito zilizotengenezwa nazo. Nayataja haya kwa sababu kila hatua ilipunguza uzito wa bomba, na kadiri bomba linavyokuwa jepesi ndivyo vitu tunavyolibandika vinavyochukua sehemu kubwa zaidi ya uzito wote. Pete na gundi ambazo ufito mzito wa zamani usingezihisi zinaweza kuubadilishia tabia yote ufito mwepesi wa leo.

Hesabu yake si ngumu. Ukinzani wa kitu dhidi ya kuzungushwa huongezeka kwa mraba wa umbali wake kutoka mahali kinapozungushiwa, kwa hiyo gramu moja iliyo mita 2 kutoka mkononi huukinza mkono mara 100 zaidi ya gramu hiyohiyo ikiwa sentimita 20. Ndiyo maana nakshi ya juu ya mpini, hata ikiwa nene, haina madhara makubwa, lakini urembo uleule ukipelekwa kwenye pete za nchani, ukafungwa uzi juu ya uzi na kupakwa epoksi, ile gundi ya sehemu mbili inayogumu, tabaka tatu, ufito unakuwa mvivu. Baada ya kurusha, ncha huendelea kutikisika, mshipi hugongagonga pete, na chambo huanguka karibu kuliko kilivyopaswa. Zipo fito nzito za baharini ambako tabaka la uzi chini ya pete lina kazi ya kulilinda bomba dhidi ya miguu ya pete yenyewe. Kwenye ufito mwepesi tabaka hilo ni pambo tu, na mtu analilipia kila anaporusha.

Kama kuna mahali ambapo mtengenezaji wa nyumbani anapaswa kutumia muda wake mwingi, ni kwenye mpangilio wa pete. Kanuni ya jumla inayotajwa mara kwa mara ni pete moja kwa kila futi ya urefu, mbali na ile ya nchani, na kama mahali pa kuanzia haina ubaya. Lakini kanuni hiyo haijui bomba lako linapinda wapi. Ufito unaopinda nchani tu unahitaji pete zilizokaribiana huko juu, ilhali ule unaopinda hadi karibu na mpini unazitaka zisambae zaidi. Njia ya kujua ni kuzishikiza pete kwa utepe au vipande vya mpira, kupitisha mshipi ndani yake, kufunga mzigo mwishoni na kuupinda ufito mpaka ufikie mpindo ambao samaki mkubwa angeutoa. Kisha unatazama. Penye pete za kutosha mshipi hufuata mpindo wa ufito kwa ulaini. Penye pengo kubwa mshipi hukata kona, na hapo mzigo wote unabebwa na nukta mbili za bomba badala ya kugawanyika. Unaisogeza pete sentimita moja, unapinda tena, unaisogeza nyingine. Kazi hii inaweza kumaliza jioni nzima bila kuacha chochote kinachoonekana pichani, na pengine ndiyo sababu wengi huiruka na kufuata jedwali la vipimo vya ufito wa mtu mwingine.

Pete ya kwanza kutoka kwenye rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi, ina masharti yake ya pekee. Rili inayoning'inia chini ya mpini hutoa mshipi kwa mizunguko mipana, na pete hiyo inapaswa kuwa na upana na umbali wa kuituliza mizunguko kabla haijafika juu. Ikiwekwa karibu mno, mshipi hujikunyata na kusugua; ikiwekwa mbali mno, hupigapiga bomba. Hakuna jedwali linalomaliza suala hili, kwa sababu rili hutofautiana kwa ukubwa na kwa pembe ya mhimili wake. Pete zishikizwe kwa utepe, mtu aende uwanjani na rili atakayoitumia, arushe risasi isiyo na ndoana, na asifunge uzi hata mmoja mpaka aridhike.

Hapa siwezi kuuacha mjadala wa uti wa ufito, maana ndio unaozua ubishi kuliko yote. Kwa kuwa kitambaa cha kaboni huviringishwa kikapishana, upande mmoja wa bomba huweza kuwa mgumu kidogo kuliko mwingine, na huo ndio uti; ukilisimamisha bomba sakafuni ukalibonyeza katikati huku ukilizungusha, litaruka na kutulia upande fulani. Wapo wanaoamini kwamba pete zisipopangwa kwa kufuata upande huo, ufito utajipindua mkononi wakati wa kuvutana na samaki. Mimi sikubali. Kinachoupindua ufito ni mahali pete zilipo: zikiwa juu ya ufito, mshipi unaovutwa unataka kwenda chini, na huusokota ufito ufuate, uwe na uti au usiwe nao. Zikiwa chini, zimekwisha kufika zinakotaka kwenda na hakuna msokoto. Kwa rili inayokaa juu ya mpini, dawa ya kweli ni kuziviringisha pete polepole kuzunguka ufito, ya kwanza ikiwa juu, mbili au tatu zinazofuata zikishuka ubavuni, na zilizobaki zikiwa chini kabisa. Ufito wa namna hiyo huonekana kama uliotengenezwa na mlevi, na kwa mzigo mzito hutulia kuliko wowote wenye pete juu.

Badala ya uti mimi huutazama unyoofu. Hakuna bomba lililonyooka kabisa. Ukilishika usawa wa jicho na kulizungusha utaona ncha ikienda upande fulani. Huo upinde mdogo nauelekeza juu, ili uzito wa pete uushushe, na ufito uliokamilika uonekane umenyooka. Huo ndio urembo ninaoutetea bila aibu.

Kufunga pete ndiko kunakowavuta watu katika uraibu huu, na si ajabu. Mguu wa pete hutoka kiwandani na ukingo mnene, kwa hiyo unaanza kwa kuunoa kwa tupa ndogo mpaka ncha yake iwe nyembamba kiasi cha uzi kupanda juu yake bila kuruka. Upande wa chini nao unaupitisha kwenye msasa, maana mkwaruzo mdogo wa chuma ukilipata bomba la kaboni, huko ndiko litakakokatikia. Uzi unaanza kwenye bomba, nje kidogo ya mguu; mzunguko wa pili unapita juu ya mwanzo wa uzi na kuubana, na mizunguko mitano sita baadaye mwanzo huo unaweza kukatwa. Kuanzia hapo unauzungusha ufito kwa mkono mmoja huku uzi ukitoka kwenye kibanio kinachoukaza kiasi, na kila mzunguko unausukuma kwa ukucha ukae bega kwa bega na uliotangulia. Karibu na mwisho unalaza kitanzi cha uzi mwingine, unapitisha mizunguko michache juu yake, unakata uzi wako, unauingiza ndani ya kitanzi na kukivuta, nao unajificha chini ya mizunguko yake wenyewe. Hakuna fundo popote. Uzi usikazwe kupita kiasi, kwani pete inapaswa iweze kusogezwa kidogo kwa dole gumba ili zote zipangwe kwenye mstari mmoja kabla ya epoksi.

Epoksi yenyewe huharibika kwa haraka ya mtu. Sehemu zake mbili hupimwa sawa kwa sawa, kwa sirinji na si kwa jicho, kwani kipimo kikikosewa hubaki nata isiyokauka kamwe. Baada ya kupakwa, ufito huachwa ukizungushwa polepole na mota ndogo kwa saa kadhaa ili kimiminika kisijikusanye upande mmoja, kisha huachwa angalau siku nzima bila kuguswa. Avae glavu anayeipaka, maana kigumishi cha epoksi kinaweza kumletea mtu mzio wa ngozi ambao ukishaanza hautoki. Tabaka mbili nyembamba zinatosha. Zile fito ambazo kila pete imemezwa na uvimbe unaong'aa hazijaongezewa nguvu, zimeongezewa uzito.

Mpini nitaupitia kwa ufupi, ingawa ndiko kiwanda kinakoshindwa waziwazi, kwa kuwa kinatengeneza kwa mkono wa mtu wa wastani ambaye hayupo. Urefu wa mpini nyuma ya rili upimwe kwa mkono wa mwenye ufito, ili kitako kisimkwame kwenye nguo anaporusha wala kisiwe kifupi akakosa pa kuegemeza anapovutana na samaki. Nafasi kati ya bomba na kikalio cha rili, yaani sehemu ya mpini inayoshikilia rili, isijazwe utepe wa karatasi peke yake, kama inavyofanyika katika fito nyingi za bei ya chini. Utepe hunywa maji, hulainika, na kikalio huanza kucheza. Uachiwe mapengo ambayo gundi itapita kushika pande zote mbili, au utumike mrija wa povu gumu uliotobolewa kwa kipimo.

Kuhusu gharama, yeyote anayekuambia kwamba utaokoa fedha hajajumlisha vizuri. Bomba, pete, kikalio, mpini, nyuzi, epoksi na mota, vikinunuliwa kimoja kimoja, mara nyingi hufikia au kuipita bei ya ufito uliokamilika wa ubora huohuo dukani. Afadhali hoja hiyo iachwe kabisa, kwa sababu humfanya mtu abane matumizi mahali pabaya, hasa kwenye pete. Mshipi wa kusuka huchimba mifereji katika pete za chuma laini, na pete za kauri ngumu ndizo zinazoustahimili. Kauri nayo hupasuka ikigongwa, na ufa wake unaweza usionekane kwa macho. Pitisha pamba ndani ya pete, na pamba ikiacha nyuzi, pete hiyo inakata mshipi.

Anayetaka kuanza asinunue bomba jipya. Atafute ufito wa zamani uliovunjika pete, autengeneze huo. Pete ya nchani hutoka kwa kupashwa moto kidogo, na mpya igandishwe kwa gundi ya kuyeyuka, si epoksi, ili nayo iweze kutolewa siku itakapovunjika. Kwa pete nyingine, wembe upitishwe juu ya mguu wa chuma, si juu ya bomba, na uzi ubanduliwe kuanzia hapo.