Kompresa Kubwa Haipozi Mala

Muulize fundi wa friji yeyote hapa Nairobi habari ya kujiundia nyumbani chila ya glaikoli, yaani mtambo unaopoza kioevu kisichoganda upesi, kikazungushwa na pampu kupitia koili ya bomba iliyo ndani ya maziwa, atakutajia kompresa, halafu atakutajia kompresa kubwa zaidi. Mimi sikubaliani naye. Kwa sisi tunaotengeneza mala, yaani maziwa ya kuchacha, lita ishirini hivi za kuuzia majirani, afadhali pesa ziishie kwenye glaikoli safi na kwenye kufunika mabomba. Mashine ndogo inatosha.

Fanya hesabu. Maziwa yakishapashwa hadi nyuzi 85, yanashushwa hadi 25 hivi ndipo utie mbegu ya mala, yalale. Kesho yake yashuke hadi 4 ili yaache kuchacha. Zile nyuzi 60 za mwanzo ni kazi ya maji ya mfereji: sufuria ndani ya karai, ubadilishe maji yakipata moto, basi. Chila inabakiwa na nyuzi 21 tu, na kwa lita 20 hiyo ni kama nusu kilowati-saa ya joto. Eyasii (kiyoyozi) ya dirishani yenye nguvu ya kupoza ya BTU 5,000 kwa saa ina uwezo ya kuimaliza kazi hiyo na ikabakisha. Friji ya kawaida inashindwa kwa sababu hewa hupitisha joto polepole mno. Katikati ya sufuria mala huendelea kuchacha huku pembeni imeshapoa.

Eyasii za dirishani ni adimu kwetu kwa kuwa nyumba za Nairobi hazina haja nazo. Nyingi za mitumba hutoka Mombasa, kwa hiyo kagua mapezi ya alumini, vile vibati vyembamba vya kupitisha joto, kabla hujalipa: chumvi ya bahari huyala mpaka yanabaki unga mweupe. Ile sehemu inayopoa huinamishwa taratibu, bila kukata bomba, ikazamishwa kwenye boksi la barafu lenye glaikoli. Fundi akitoa msumeno, mzuie. Bomba likikatwa gesi yote imekwenda. Themostati yake nayo haishuki vya kutosha, kwa hiyo unaweka ya kidijitali, kihisi chake kikiwa ndani ya glaikoli.

Mbona yasiwe maji tu? Kwa sababu mapezi huwa baridi kuliko kioevu kinachoyazunguka. Maji hugandia hapo hapo katikati ya mapezi, barafu ikatanuka, bomba likapasuka.

Sasa tuje kwenye jambo linaloniudhi. Kuna wauza spea watakaokuambia kulanti ya gari, kile kioevu cha rejeta, ni glaikoli vilevile. Kulanti nyingi ni ethilini glaikoli, sumu inayoharibu figo, na ubaya wake ni kwamba ina utamu. Koili ikivuja ndani ya mala huenda mtu asigundue. Tafuta propilini glaikoli ya daraja la chakula au dawa kwenye maduka ya kemikali, wanakonunua watengeneza losheni, na usome lebo mwenyewe. Changanya kama asilimia 30 kwa maji yaliyochujwa madini. Mchanganyiko huo haugandi mpaka kama nyuzi 13 chini ya sifuri. Ukizidisha, unakuwa mzito kama uji na pampu inalemewa. Ukipunguza hadi chini ya asilimia 20, bakteria huota, utaona utelezi kwenye kuta za boksi. Boksi lisilo na kifuniko hunyonya unyevu wa hewa, na glaikoli inapungua nguvu kimyakimya. Pima kwa refraktomita, kifaa kinachoonyesha glaikoli ni asilimia ngapi, mara kwa mara.

Themostati iwe kwenye nyuzi 1. Maziwa huganda karibu na nusu nyuzi chini ya sifuri, kwa hiyo anayeishusha hadi 5 chini ya sifuri ili "iharakishe" atakuta ganda la barafu limeng'ang'ania koili, na ganda hilo ni blanketi: nje yake mala inabaki vuguvugu. Koroga badala yake.

Mabomba yote yavishwe sponji nyeusi, hata kile kipande kifupi kati ya pampu na koili ambacho kila mtu hukiacha wazi. Kikitoka jasho, ni stima yako inayodondoka sakafuni. Vumbi la nyuma ya eyasii litolewe kwa brashi laini. Na kwa kuwa stima yetu hupotea na kurudi inavyotaka, weka kifaa cha kuchelewesha kompresa angalau dakika tatu kabla haijawaka tena. Ni bei rahisi mno ukilinganisha na kompresa, tena ndiyo kitu ambacho hakuna fundi amewahi kunitajia kabla sijauliza.