Fonti nene iliyobanana huchorwa, haiminywi

Mtu akiwa na maneno marefu na bango jembamba, mara nyingi hushika fonti ya kawaida kama Arial na kuiminya kutoka pembeni mpaka maneno yaenee. Naomba tuache. Nazipenda sana herufi nene, ndefu, zilizobanana, zisizo na vijimkia kwenye ncha, na inaniuma kuona bandia ikikaa mahali pa zile za kweli.

Ukiminya herufi, mistari ya wima inakonda lakini ya mlalo inabaki na unene uleule. Jicho nalo lina tabia yake: mistari miwili ikiwa na unene sawa, ule wa mlalo huonekana mnene zaidi. Ndiyo maana mchoraji hodari huipa O mbavu nene, kisha akapunguza kidogo juu na chini. Ile iliyominywa hufanya kinyume, na neno zima linakosa nguvu. Mchoraji pia hunyoosha mbavu za O na C ili zisimame karibu na jirani zake, hurefusha herufi ndogo zikaribie kimo cha zile kubwa, na hupunguza unene ndani ya M na W zisigeuke doa jeusi. Hakuna kitufe cha kompyuta kinachofanya hayo.

Wachapaji walilijua hili zamani. Darius Wells wa New York alipoanza kutengeneza herufi za mbao kwa mashine mwaka 1827, herufi kubwa za matangazo zikawa nyepesi na rahisi kuliko za chuma. Upana wa karatasi una mwisho, kwa hiyo herufi zikapanda juu. Mwaka 1903 mchoraji wa fonti Morris Fuller Benton akaichorea kampuni ya American Type Founders fonti ya Alternate Gothic kwa upana wa aina tatu, ili mchapaji achague inayoenea bila kuharibu umbo. Kwangu mimi hiyo bado ni kazi bora ya aina yake. League Gothic imetokana nayo, na ni ya bure.

Fonti ya Impact, ya Geoffrey Lee, ilitoka mwaka 1965. Wengi wanaidharau kwa sababu imetapakaa kila mahali. Mimi naona haina kosa ikiwekwa kwenye maneno matatu makubwa. Ukiijaza aya nzima, matundu ya a na e yanazibika na msomaji anakimbia. Oswald ya Vernon Adams inavumilia udogo zaidi, ila kwa bango nachagua Anton, ambayo pia ni yake. Bebas Neue ya Ryoichi Tsunekawa ni nzuri, lakini haina herufi ndogo, na kichwa cha habari kirefu chenye herufi kubwa tupu kinachosha.

Nafasi nazo zibane. Matundu ya ndani ni membamba, basi na mapengo kati ya herufi yawe membamba vilevile, la sivyo neno linasambaratika. Na hapa Kiswahili kina bahati: hatuweki alama juu ya herufi kama Kifaransa kinavyoweka juu ya É. Mistari miwili ya herufi kubwa inaweza kupandana hadi pengo lililobaki lilingane na unene wa mguu mmoja wa herufi, na hakuna kitakachogongana.