Land Rover yangu na kijana wa mizani

Jamani hivi mtu mzima mwenye familia yake hawezi kukaa kwake Jumamosi asubuhi akanywa chai na kiporo chake cha ndizi bila kugongewa geti? Nauliza tu. Leo saa mbili kasoro nasikia ngo ngo ngo, nikajua ni yule wa bili ya maji, nikaenda taratibu ili akate tamaa. Kufungua nakuta kijana na mkokoteni, mizani ya kuning'iniza begani, sumaku ameifunga kamba kaivaa shingoni kama mkufu. Shikamoo mzee. Marahaba. Mzee hiyo skrepa pale unauza kilo shingapi?

Nikageuka kuangalia nikidhani kaona friji mbovu. Halafu nikakumbuka friji tulishaiuza. Kidole chake kilikuwa kimenyooka kwenye gari yangu.

Sasa tuelewane. Hiyo gari ni Land Rover 109, Series III ya mwaka 1974, petroli, silinda nne. Mnakumbuka Oktoba 2024 lile tamasha la Land Rover hapa Arusha, barabara zimejaa Land Rover za kila rangi na kila umri, na mimi nimesimama pembeni na mfuko wa nyanya machozi yananilenga kwa sababu marehemu mzee wangu aliendesha moja miaka ishirini. Wiki tatu baadaye nikachukua mkopo wa saccos milioni nne na nusu, kwenye fomu pale penye sababu nikaandika ujenzi. Sikudanganya, najenga gari. Aliyeniuzia aliapa kwa mama yake kwamba ilikuwa ya padri. Nimekuja kugundua Land Rover zote kuukuu nchi hii zilikuwa za padri au za bwana nyama, hakuna hata moja iliyowahi kubeba mkaa, ila yangu nilipong'oa kapeti la nyuma nikakusanya mkaa nusu debe, tukapikia maharage.

Fundi alisema wiki mbili tu, kabla ya Krismasi utakuwa barabarani. Sikumuuliza Krismasi ipi.

Basi nikaweka kikombe chini, nikajikohoza, nikamwambia kijana wangu, ile si skrepa, ile ni historia. Akasema sawa mzee, zote huwa zina historia, kilo shingapi. Na kabla sijajibu keshaingia ndani ya geti, keshavua ule mkufu wake, kaubandika kwenye madigadi. Sumaku ikaanguka. Akabandika mlangoni ikaanguka. Akapanda juu ya bampa akabandika kwenye boneti, nayo ikaanguka, akanigeukia na macho mengine kabisa, macho ya mtu aliyeokota pochi.

Mimi mjinga nikadhani historia imemwingia. Nikampa somo lote. Nikamwambia baada ya vita ya pili ya dunia Uingereza chuma cha bati kilikuwa kinatoka kwa mgao, kama sisi na sukari enzi zile za foleni za duka la ushirika, lakini alumini walikuwa nayo kwa sababu viwanda vyao vilikuwa vinatengeneza ndege za vita, ndo kampuni ya Rover kule Solihull ikaamua bodi iwe ya alumini, wakaenda kuionyesha gari Amsterdam mwaka 1948, na hata ule ukijani wa zile za mwanzo inasemekana ni rangi iliyobaki ya kupaka ndani ya ndege. Kijana anatikisa kichwa kwa adabu, mikono nyuma, kama yuko kipaimara. Nikamaliza. Kimya. Akasema, kwa hiyo mzee unakubali mwenyewe kwamba ni alumini.

Yaani nimejipeleka kwa miguu yangu.

Alumini bei yake nyingine mzee wangu, akasema, na hapo akatoa chaki mfukoni akaanza kupiga hesabu kwenye mlango wa dereva, mlango ambao nimeupiga msasa kwa mkono siku tatu. Milango hii kilo kadhaa, boneti hii, madigadi mbili, paa, anaandika anajumlisha anabeba moja. Nikamuuliza na injini? Akaniangalia kwa huruma, akasema injini tutaongea.

Hapo mama watoto akatoka jikoni na mwiko. Huyu mwanamke tangu gari iingie hajawahi kuikaribia, akitaka kuanika nguo anazunguka nyuma ya choo, na akiitaja anasema "yule mgeni wako". Leo kaja mpaka kwenye bampa. Kilo shingapi? Kijana akajua mwenye mali ndo huyu, akanipa mgongo. Shikamoo mama, mimi ukiniachia yote nakupa laki tisa na beseni mbili kubwa.

"Beseni za rangi gani?"

Jamani! Mimi nimesimama hapo! Gari ni yangu, kadi ina jina langu (ukweli ina jina la mtu aliyefariki mwaka 1998, lakini nafuatilia), halafu wanapangiana rangi ya beseni mbele yangu. Kijana anasema ipo bluu na ipo nyekundu, mama watoto anasema bluu inachuja, kijana anasema hii haichuji mama, ngoja nikuletee uone.

Nikaona heshima ya nyumba inaondoka hivi hivi. Nikasema ngojeni. Nikamwambia kijana, hiyo alumini ni bodi tu, ngozi, gari yenyewe iko chini, chesisi ya chuma cha Mwingereza, lala hapo uweke sumaku uone. Akatandika gunia akaingia chini. Nikasikia tap! Nikamwambia umeona? Mama watoto naye nikamwambia umesikia? Kijana akavuta sumaku yake. Kitu kikasema krii. Akatoka chini mgongo mgongo, kwenye sumaku kuna kipande cha kahawia kipana kama chapati, kimevimba tabaka tabaka, ukikigusa kinamwagika unga. Akakiangalia huku, akakigeuza, akanikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayetoa rambirambi.

"Pole sana mzee. Hii hata sisi hatuchukui."

Hatuchukui! Mtu anayenunua misumari iliyopinda, anayenunua sufuria zilizotoboka, anayepima mpaka vizibo vya soda, ananiambia hatuchukui! Nikampandishia sauti nikamwonyesha geti, akaondoka anacheka na sumaku yake shingoni, na mama watoto akanisindikiza kwa macho tu, hakusema kitu, na nyie mlioko kwenye ndoa mnajua kutosemwa kunavyouma.

Halafu watu wanasema uza ununue gari ya maana. Niuze kwa nani? Hata kuifungua vipande siwezi, kwa sababu bolti zake ni za inchi na spana za fundi wote mtaani ni za milimita, wamezoea magari ya Japani, ukileta 12 haiingii, ukileta 13 inacheza, akiikaza kwa hasira inakula kichwa cha bolti kinakuwa duara kama gololi, basi tunaita mchomeleaji, mchomeleaji anataka umeme, umeme ndo huo. Seti moja ya spana za inchi nimeipata kwa mzee mmoja Moshi, anaazimisha kwa siku kama suti ya harusi.

Na hiyo gari msidhani haijawahi kutembea. Imetembea. Kutoka gereji mpaka hapa, kilomita sita, imekula lita mbili na imedondosha oili njia nzima, watoto wa shule walikuja wanaifuata hiyo alama mpaka getini. Fundi anasema ikidondosha ujue bado imo, siku ikiacha ndo tulie. Siku hiyo hiyo trafiki akanisimamisha, mkanda uko wapi. Nikamwambia afande, gari hii ya mwaka 1974, haikuja na mikanda. Akachungulia dirishani akaangalia suruali yangu, akasema na wewe hukuzaliwa na mkanda ila naona umevaa. Nikatoa ushirikiano.

Sasa hivi nimekaa ndani ya gari, nafuta zile hesabu za chaki kwa mate maana maji leo hakuna. Haifutiki vizuri. 900,000 inasomeka mpaka barabarani, watu wanapita wanasoma. Na chini ya kiti nimekuta mayai matatu. Ni ya kuku wa jirani, yule mwekundu, ameona kiti cha dereva kina sponji nje ni kiota. Jirani keshasikia, yuko ukutani anadai mayai yake. Namuuliza, kuku wako, sawa, lakini kataga kwenye gari ya nani? Anasema ile ni gari? Sasa mimi nasema mwenye kiota ana fungu lake, hata bandani mtu akifugiwa anapata cha juu, na kama hataki basi alipe maegesho ya kuku, miezi minne. Anasema anaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Aende. Yai moja nimeshalikaanga.