Anatetea Vibaka, Halafu Anaomba Kura

Jumamosi nilikuwa napika ubwabwa mlango ukagongwa. Nikajua wale ndugu wa dini wamerudi. Kumbe mama mmoja wa makamo, kavaa raba, kashika bunda la vipeperushi, hana msafara, hana hata kijana wa kumbebea maji. Anagombea ubunge wa Marekani, Bunge la Wawakilishi lile lile la Washington lenye viti 435. Nikamwambia mapema mimi si raia, sipigi kura, asipoteze muda wake. Akacheka, akaniachia karatasi moja, akapanda ghorofa ya juu kugonga kwingine.

Ile karatasi ndiyo iliyouunguza ubwabwa wangu. Mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa, unasema amekuwa wakili wa umma miaka 12. Kazi yake ni kuwatetea washtakiwa wasio na hela ya wakili. Analipwa kwa kodi ili asimame mahakamani abishane na mwendesha mashtaka ambaye naye analipwa kwa kodi hiyo hiyo. Sifa hiyo kaitanguliza kabla ya watoto wake na mbwa wake, na huku Columbus, Ohio, mbwa si mchezo.

Nikapiga picha, nikamtumia mama yangu aliyeko Tandika, Dar. Jibu likaja kwa sauti, nyuma yake nasikia mluzi wa muuza kahawa: "Mwanangu, anatetea vibaka halafu anaomba kura? Huko kwenu hamuibiwi simu?"

Angesema mwingine ningecheka. Mama yangu ndiye aliyepika chapati za mahabusu miezi 14. Mdogo wangu ni bodaboda. Usiku mmoja kabeba abiria, kumbe abiria katoka kupora mtu kwa panga. Wakakamatwa wote wawili. Unyang'anyi wa kutumia silaha: dhamana hakuna, na ukikutwa na hatia adhabu haishuki chini ya miaka 30. Kilichofuata sina haja ya kuwasimulia watu wa Dar. Kila baada ya wiki mbili mama anaamka saa kumi alfajiri, daladala mbili, anasimama nje ya mahakama anasubiri karandinga ili amuone mwanawe akishuka na pingu. Ndani ni dakika tatu. "Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine." Anageuza na hotipoti lake. Wakili tuliyemfuata alitaja bei, mimi wakati huo naosha vyombo hotelini, nikawa natuma kidogo kidogo. Asubuhi moja Jamhuri ikasema haina nia ya kuendelea na shauri. Basi. Hana hatia, hana pole, na pikipiki ya watu mwenyewe alishampa dereva mwingine.

Najua mnachoandaa kuniambia. Mbeba maboksi kaanza. Kala baga mbili, leo anatufundisha sheria. Na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 je? Naijua, na naijua pia ile nafasi anayopewa hakimu ya kuelekeza mshtakiwa apatiwe msaada. Kampeni ya Mama Samia nayo siibezi, kuna wajane wamepata haki zao za mirathi na watu wamerudishiwa viwanja. Lakini nijibuni hili moja. Kwetu ukishtakiwa kwa kuua, Mahakama Kuu kwa kawaida inakutafutia wakili. Ukishtakiwa kupora simu kwa panga, huku miaka 30 inakusubiri, wakili wako ni mama yako na kikoba chake. Hapo katikati nani alipaona pako sawa?

Wala sisemi huku ni peponi. Kuna jamaa kazini kwetu alikaa jela wiki nzima kwa kukosa hela ya dhamana, na mawakili hawa wa umma wana mafaili hadi wanachanganya majina ya wateja. Washtakiwa wengi huishia kukiri makosa ili mambo yaishe. Hata haki yenyewe ya kupewa wakili haikuanguka kutoka mbinguni. Aliyewatoa ni mfungwa mmoja wa Florida, Clarence Gideon, aliyeshtakiwa mwaka 1961 kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool. Aliomba wakili akanyimwa, akapigwa miaka mitano. Akaandika ombi lake kwa penseli kutoka gerezani, na mwaka 1963 Mahakama ya Juu ikampa haki. Kesi iliporudiwa akiwa na wakili, akaachiwa huru.

Na kuna mahali tumewazidi, semeni tu. Tangu 2021 sheria yetu imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Huku nimemuona mzee wa Kikongo akisomewa mashtaka yake kupitia simu, mkalimani yuko sijui jimbo gani. Mdogo wangu alielewa kila neno lililosemwa juu yake. Alichokosa ni mtu wa kulijibu.

Sasa mchukueni huyu mama mumlete Temeke akatie nia. Kwanza awe na chama, maana mgombea binafsi bado tunamuogopa, ingawa Mchungaji Mtikila aliipeleka hoja hiyo hadi Mahakama ya Afrika pale Arusha na mwaka 2013 akashinda. Halafu wajumbe. Nao wajumbe mnawajua, si watu wazuri. Watamuuliza umeleta nini. Mwenzake kaja na jezi, mipira na mabati ya zahanati, yeye aseme nilikuwa namtetea yule kijana wa Yombo aliyekwapua pochi? Mawakili bungeni kwetu wapo, tena wengi, lakini nitajieni mmoja aliyeomba kura kwa kazi hiyo.

Jana nimeongea na mdogo wangu, nikamsimulia yote. Hakuuliza chama cha yule mama wala kama atashinda. Kauliza anachukua bei gani. Nikamwambia bure. "Bure bure?" Akanyamaza kidogo. Kisha akaniambia kuna dogo wa kijiweni kwao yuko ndani tangu mwezi wa tatu, wamepanga kumchangia wakili, mimi waniandike shilingi ngapi?