Mofini isitoke dirisha la dawa peke yake

Leo tuongee choo. Mwenye aibu avumilie.

Mgonjwa wa saratani akiandikiwa mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu, dawa ya kulegeza choo iandikwe kwenye cheti hichohicho, siku hiyohiyo. Isingojewe mpaka tumbo lijae na mtu aanze kukataa uji. Mofini hupunguza mwendo wa utumbo, kinyesi kinakaa humo kikinyonywa maji hadi kiwe kigumu kama kokoto. Kichefuchefu na usingizi wa mofini mara nyingi hupungua mwili ukizoea. Kufunga choo, mwili hauzoei. Ndiyo maana wagonjwa wengine huacha mofini kimyakimya, wakaona afadhali maumivu. Na sena na laktulosi, dawa za kulegeza choo, zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO), fungu la tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa mateso, si anasa.

Kinachonikera ni jibu la "ale mapapai na mboga za majani." Papai ni zuri, lakini halitoshi kuamsha utumbo uliolazwa na mofini. Tena anayekunywa vijiko viwili vitatu vya maji kwa siku ukimshindilia makapi ya nafaka, unamwongezea mzigo. Mpe maji kidogokidogo, mtembeze hadi barazani akiweza, mkalishe chooni baada ya chai ya asubuhi, maana tumbo likipata chakula ndipo utumbo husukuma. Choo cha kuchuchumaa kikimshinda, kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati na ndoo chini yake kinatosha kabisa.

Halafu nani amuulize? Mkwe hawezi kumuuliza baba mkwe habari za haja kubwa. Mjukuu anaweza! "Babu, leo umekwenda au umegoma?" Babu atamtukana kwa utani, kisha atajibu. Jibu liandikwe tarehe kwa tarehe. Zikipita siku tatu bila choo, mpigie muuguzi.

Akianza kuvujisha majimaji baada ya siku kadhaa za kufunga, usikimbilie dawa ya kuzuia kuharisha: huenda yanapita kando ya donge lililoziba. Na aliye kwenye kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, asiingizwe dawa wala maji njia ya nyuma bila idhini ya daktari, kwani chembe za damu zikiwa chini, mchubuko mdogo huleta maambukizi au kutoka damu.

Tumbo likivimba, anatapika, hata hewa ya tumboni haitoki, acha dawa zote za choo, mpeleke hospitali usiku huohuo.