Cheche za darini na redio za mtaa mzima

Mji wa Kale wa Mombasa tunaishi ukuta kwa ukuta. Kijana akiunda koili ya Tesla darini, yaani kifaa cha waya kinachorusha cheche za umeme wa volti kubwa hewani, mtaa wote utajua usiku uleule, maana cheche zake hupasuka kama bakora juu ya bati na watoto huamka. Barazani malalamiko huishia hapo: kelele. Mimi naona hiyo ndiyo kero ndogo.

Kero kubwa haisikiki kwa sikio. Koili ya cheche, aina ambayo Nikola Tesla aliivumbua mwaka 1891, ni ndugu wa mitambo ya kwanza ya redio. Zamani meli zilipashana habari kwa cheche, na kila cheche ilitapakaa kwenye masafa mengi ya redio kwa mpigo, meli zikawa zinazibana midomo. Ndiyo maana mkutano wa kimataifa wa Washington wa 1927 uliweka taratibu za kuiondoa mitambo hiyo hewani. Leo tunairudisha ghorofani, juu ya kichwa cha bibi anayesikiliza mawaidha ya Ramadhani.

Koili nyingi za nyumbani hutetema kati ya kilohezi (kipimo cha masafa ya redio) 50 na 1,000. Stesheni za AM zinaanzia karibu 530, kwa hiyo wasikilizaji wa AM ndio wa kwanza kuumia. FM hustahimili zaidi, ila nayo haikosi mikwaruzo. Ukuta wa mawe ya matumbawe hauzuii mawimbi hayo ya redio. Mengine hupita kwenye nyaya za stima hadi kwenye televisheni ya jirani. Sisemi koili moja itazinyamazisha meli za bandari ya Kilindini, lakini hewa hii ina wenyewe, na wengine wao maisha yao yanategemea redio.

Hata hivyo sitaki kijana anyang'anywe koili. Mtoto anayeweza kuzungusha waya wa shaba mizunguko elfu bila kuukata ni hazina. Ninachomtaka ni ethi yake mwenyewe, fimbo iliyozama ardhini, asitegemee ethi ya nyumba. Kisiwa hiki ni mwamba wa matumbawe, fimbo haizami kirahisi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakaunga popote. Aweke kichujio cha kuzuia mawimbi hayo kwenye waya wa umeme. Koili aifungie ndani ya kizimba cha wavu wa chuma kilichoungwa na ethi hiyo. Aiwashe mchana, kwani kanuni za kelele za Kenya za 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili. Na kabla ya yote abishe hodi kwa majirani, aulize kama kuna aliyewekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo. Akiwepo, koili isiwashwe pale kabisa.

Kizimba kizuri ni ghali kwa kijana asiye na kazi. Vyuo vyetu vya ufundi vina karakana na vyuma. Naviomba vijenge kizimba kimoja kikubwa, na Jumamosi vijana wa Kibokoni, Majengo na Likoni walete koili zao wawashe humo, mwalimu akiwa karibu na swichi.